Kumi kwa Kumi

Kila Alhamisi Elieshi aliwafumbisha wazee macho. Walikuwa wazee ambao kijijini hakuna aliyethubutu kuwaamuru hata wasogee kivulini, lakini wakifika kliniki ya sukari walivua viatu, wakanyoosha miguu juu ya stuli na kufumba macho bila ubishi. Yeye alishika kijiti chake chenye uzi mmoja mgumu wa nailoni, akaugusisha kwenye unyayo mpaka uzi ukajipinda, kisha akauondoa. Aliyesikia alisema "ndiyo." Asiyesikia alikaa kimya, akiendelea kusubiri kitu ambacho kilishapita. Sehemu kumi mguu huu, sehemu kumi mguu ule, halafu idadi inaandikwa kwenye fomu na kwenye kadi ya mgonjwa.

Alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya cha kanisa, kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya mji mdogo wa Usa, na kipimo kile alikwenda kufundishwa mjini kwa siku tatu. Alirudi na moto wake. Aliwaambia wagonjwa, wala hakuwaambia kwa upole, kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu. Inaanzia vidoleni, inapanda polepole, na mwenyewe hapati habari kwa sababu kinachokufa ndicho ambacho kingempelekea hizo habari. Wapo waliolalamika kwamba miguu inawaka moto, inatembewa na sisimizi. Hao aliwaita wenye bahati. Aliowaogopa ni wale wasiosikia chochote na wanaomshukuru Mungu kwa hilo. Mama mmoja alifika kliniki na ndala moja tu mguuni. Nyingine ilibaki matopeni huko njiani na yeye hana habari. Elieshi alimgombeza mpaka mama wa watu akalia, kisha akamkumbatia na kumtafutia ndala nyingine.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Katika miaka mitatu alipima miguu ya karibu nusu ya kata. Lakini miguu ya Mzee Sifaeli, baba mkwe wake, aliyekuwa na sukari tangu kabla Elieshi hajaolewa, na ambaye mlango wake ulikuwa hatua arobaini kutoka jikoni kwa Elieshi, hakuwahi kuigusa.

Ukoo ule una adabu zake. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haketi kwenye kiti chake, hampokezi kikombe. Anakiweka kwenye meza ndogo na kurudi nyuma. Na miguu mitupu ya mzee hata kuitazama haitazami. Ikitokea ameingia ghafla akamkuta hana viatu, mzee anaivuta chini ya kiti, na wote wawili wanaanza kuzungumzia mvua. Msidhani ni ukali. Mzee Sifaeli alimpenda yule binti kuliko alivyowahi kumwonyesha mwanawe wa kumzaa. Elieshi alipotaka kurudi chuoni na mtoto mchanga mgongoni, na ndugu wakanuna, Sifaeli ndiye aliyesimama kwenye kikao cha ukoo akasema, "Mkwe wangu anakwenda kusoma. Mtoto nitabaki naye mimi." Na kweli alibaki naye, mgane wa miaka sitini na tano, akafua nepi na kuzianika mbele ya watu wote.

Siku ya kwanza ya kupimwa, mzee alifika kliniki amevaa koti. Akamwona Elieshi ameshika uzi. Akaketi wima, viatu vyake miguuni, akatazama ukuta. Elieshi akaelewa, akatoka nje na kumwachia chumba Mika, muuguzi mwenzake. Mika hajafungua hata kamba ya kiatu akaitwa kumshona mtu aliyejikata na panga, na hakurudi. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Jioni fomu zilitakiwa kwenda wilayani, na fomu, kama tunavyozijua, hazivumilii nafasi tupu. Elieshi alimfuata mzee uani kwake, akasimama mbali kidogo kama ipasavyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, miguu inasikia?"

"Inasikia, mwanangu. Hata jani nikilikanyaga nalijua."

Angefanya nini? Amwambie baba mkwe wake avue viatu athibitishe? Aliandika kumi mguu wa kulia, kumi mguu wa kushoto, akatia saini. Kipimo kilikuwa cha mara moja kwa mwaka, na aliapa moyoni kwamba safari ijayo Mika atampima. Safari ijayo Mika alikuwa semina, na Elieshi akaenda tena uani kuuliza. Safari ya tatu, ukweli usemwe, hata uani hakwenda. Alitazama fomu ya nyuma, akaona kumi kwa kumi, na mkono ukaandika wenyewe.

Mzee aliitunza kadi yake ndani ya Biblia. Akikutana na wenzake dukani aliitoa. "Someni wenyewe," alisema. "Kumi kwa kumi. Daktari wangu ni mkwe wangu." Wenzake wenye tatu na nne walimwonea wivu waziwazi. Elieshi akipita pale aliharakisha hatua. Alijipa moyo kwamba mzee anapalilia, anapogoa kahawa, anapanda na kushuka mteremko siku nzima. Mtu mwenye miguu mibovu angeweza wapi? Mzee alipoanza kujikwaa kwenye kizingiti ambacho amekivuka maisha yake yote, Bariki, mume wa Elieshi, alimwuliza mkewe kuna nini. "Macho hayo," Elieshi alijibu haraka. "Na uzee." Bariki alikuwa mwongoza watalii huko Momela na alirudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi. Hakuona sababu ya kubishana na muuguzi.

Halafu mwezi wa sita, baridi imeshika na ukungu umelalia migomba, ikaja harufu.

Ijumaa jioni Elieshi alipeleka bakuli la loshoro, makande ya maziwa mgando, akaliweka mezani, na pale pale pua ikamwambia kuna kitu kimeoza.

"Panya," alisema mzee kabla hajaulizwa. Alikuwa ameketi na mabuti yake ya shambani. "Amefia darini huyo. Bariki akija mwambie apande."

Jumamosi Bariki alipanda darini na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani, panya hana. Wakahamisha magunia, wakavuta kabati, wakafagia chini ya kitanda, wakachoma majani ya mkaratusi mpaka wote wakakohoa. Mzee alisimama mlangoni akiwaelekeza. "Tazameni kule pembeni. Na nyuma ya debe." Harufu ilitulia wakati moshi umejaa, na moshi ulipotoka ikawa pale pale. Wakakubaliana kwamba panya amefia ndani ya ukuta na dawa yake ni kungoja akauke.

Jumapili zamu ya kusoma somo ilikuwa ya mzee. Alivaa suti yake ya kijivu na viatu vyeusi alivyovipiga rangi mwenyewe. Jina lake lilipotajwa aliinuka kwenye benchi la nyuma, akapita katikati ya kanisa kwenda mbele. Aliutua unyayo wote kwa mkupuo mmoja, mzito, na kila hatua aliitazama sakafu kwanza. Elieshi alimtazama akija, na kwa mara ya kwanza aliutazama ule mwendo kwa macho yake ya kliniki. Mzee alipopita benchi lao, harufu ilipita naye. Mama Catherine wa kwaya, aliyeketi mbele yao, alivuta kitenge puani. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, nini kinanuka?" akafinywa.

Mule kanisani hamkuwa na panya wala dari ya kufichia panya. Elieshi alilielewa jambo zima kwa mkupuo. Mzee alisoma bila kukosea neno hata moja, sauti yake ile ile nzuri, akarudi nyuma, na njia nzima mkwewe alikodolea macho vile viatu vinavyong'aa.

Ibada ilipokwisha alimvuta Bariki kando ya ukuta.

"Si panya. Ni mguu wa baba."

"Mguu upi? Si ulimpima mwezi wa tatu? Kumi kwa kumi."

"Sikumpima."

"Unasema?"

"Sijawahi kumpima, Bariki. Hata mara moja. Nilimwuliza tu, akasema inasikia, nikaandika."

Waumini walikuwa wanatoka, wanawapa mikono, Bwana Yesu asifiwe, habari za Momela, na Bariki aliwaitikia mmoja mmoja huku macho yake hayamwachi mkewe. Walipopungua alisema, "Tutaongea," neno ambalo hakuna mke anayelipenda, akaenda kumchukua baba yake.

Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa kanisa. Mzee aligoma mlangoni.

"Nina nini mimi? Niacheni nikanywe chai."

"Baba, kuna harufu," alisema Bariki.

"Ya panya."

"Panya haendi kusoma somo kanisani, baba."

Mzee aligeuka akamtazama. Hakuwahi kusemeshwa hivyo na mwanawe, na labda ndiyo maana aliingia. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, kofia magotini. "Haya. Aitwe Mika anitazame."

"Mika yuko likizo kwao Kondoa," alisema Elieshi. "Leo nipo mimi tu."

"Basi utupishe, mwanangu. Bariki atatazama."

"Sitoki, baba."

Alikuwa hajawahi kumwambia hapana. Alivuta stuli akaiweka mbele ya kiti. "Siku ile ya kwanza nilitoka," alisema. "Leo sitoki."

Bariki alitazama sakafu. Mzee alitazama dirishani, mlima wote umezama mawinguni, na taya zake zilikuwa zinacheza. Mwishowe alisema polepole, "Si huwa mnawafumbisha watu macho?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nitafumba. Nikiwa sioni, sijui nani ameingia na nani ametoka." Akafumba macho kwa nguvu, kope zikakunjana.

Bariki alipiga magoti akafungua kamba. Kiatu kilitoka, soksi ikakataa. Ilikuwa imegandamana na mguu, na Elieshi ilibidi ailoweshe kwa maji ya dripu mpaka ikalegea. Kisha wakaona. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu jeusi lenye kingo nyeupe zilizolainika, na kidole chenyewe kilikuwa na rangi ya zambarau lililoiva. Ndani ya tundu mlikuwa na kipande cha waya, kirefu kiasi cha punje mbili za mahindi. Kilikuwa cha waya wa kichanja cha kuanikia kahawa. Mzee alikikarabati kichanja chake wiki mbili nyuma, na kazi hiyo alipenda kuifanya pekupeku. Bariki alitoka nje. Walimsikia akitapika, halafu wakamsikia akipiga simu kutafuta gari.

"Mmeona nini?" aliuliza mzee, macho bado yamefumbwa.

"Waya, baba. Umeingia mguuni. Uliingia lini?"

"Waya gani?"

Hapo ndipo Elieshi alipovunjika. Vidonda vibaya alikuwa ameviona vingi. Ila hilo swali, jinsi lilivyoulizwa kwa utulivu na hamu ya kujua, kana kwamba habari ni ya mtu wa kijiji kingine, lilimkata maini. Aliuma midomo, akavaa glavu mpya, akachukua ule uzi. Hospitali ya mjini wangetaka kujua ganzi imefika wapi, na safari hii wangejua.

Alianza na mguu mzima, akauvua kiatu na soksi. Akagusa kidole gumba mpaka uzi ukajipinda. Kimya. Kidole cha katikati. Kimya. Akagusa chini ya vidole, katikati ya unyayo, kisigino, juu ya mguu, sehemu zote kumi, polepole kuliko alivyowahi kumpima mtu yeyote, akimwomba Mungu ampe "ndiyo" moja tu. Akahamia mguu mbaya, akagusa pale palipogusika. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, uso umetulia, anasikiliza.

"Hujaanza bado?" aliuliza.

"Nimemaliza, baba."

Mzee alifumbua macho. Aliutazama uzi mkononi mwa mkwewe, akautazama mguu wake na lile tundu, na hakujaribu kuuficha chini ya kiti.

"Lakini uliandika kumi," alisema.

"Niliandika ulichoniambia. Sikukupima, baba. Mara zote tatu, hakuna aliyekupima."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Mzee aliizungusha kofia magotini. Alipoanza kusema alisema taratibu, akipanga maneno. "Ulisimama pale uani umechoka, siku nzima hujala. Na mtu atamweleza nini mkwe wake habari za miguu? Nikasema inasikia, ili ukapumzike. Halafu ukaniletea kadi imeandikwa kumi. Nikajua hawa wana vipimo vyao, labda wamepima kwenye damu, labda wameona kitu nisichokiona mimi. Ganzi ilikuwepo, Elieshi. Huu mwaka wa tatu. Kila nikitaka kusema, nilitoa ile kadi nikaisoma, nikajiambia, wewe mzee, unajua nini kuliko daktari? Kaa kimya. Kumbe nilikuwa nauamini uongo wangu mwenyewe, kwa mwandiko wako."

Alikuwa amemwita Elieshi, wala si mwanangu, na wote wawili walilisikia.

"Nisamehe, baba," alisema, na machozi sasa yalimtoka bila kificho, yakadondokea kwenye glavu.

Mzee alifumba macho tena, mwenyewe, bila kuambiwa, kwa kuwa aliona kazi haijaisha. Elieshi aliupandisha uzi kutoka kifundo, akagusa, akasogea juu, akagusa, akasogea. Muundi wote ulikuwa kimya. Kiganja kimoja chini ya goti mzee alishtuka.

"Hapo," alisema. "Hapo nimesikia."

Elieshi alichora mstari mdogo kwa kalamu mahali pale, akapima mguu wa pili na kuchora mwingine, ili watakaompima tena wajue kama ganzi inapanda. Kisha akaketi mezani kuandika barua ya rufaa. Aliandika sifuri, na sifuri. Penye vipimo vya nyuma aliandika tarehe zote tatu, na mbele ya kila tarehe akaandika: hakupimwa. Akatia saini yake chini, jina lote kamili. Aliwaza kwamba kesho au keshokutwa kuna mtu atamwuliza, na kwamba kazi hii huenda asiwe nayo mwezi ujao, na akashangaa jinsi hilo lilivyokuwa dogo.

Alifunga kidonda. Nje gari la jirani liliingia uwanjani na Bariki akarudi, uso ameunawa, tayari kumbeba baba yake. Mzee alikuwa ameinama, suruali imekunjwa mpaka magotini, anaipapasa ile alama ya kalamu kwa kidole.

"Ndipo watakapokata?" aliuliza.

"Hapana, baba!" Elieshi aliinuka. "Hiyo ni alama ya mahali unapoanza kusikia. Haihusiani na kukata. Kidole ndicho kibaya, kidole siwezi kukuahidi, labda na kipande cha mguu hapo mbele. Lakini huko juu hapana. Nakuambia kweli."

Na ilikuwa kweli, kwa kadiri alivyojua, kila neno.

Mzee alimtazama usoni kwa heshima yake yote, kama alivyomtazama siku ile uani alipomjibu kwamba miguu inasikia.

"Sawa, mwanangu," alisema.

Akamgeukia Bariki, akamkumbatia shingoni ili ainuliwe. "Tukifika huko mjini," alimwambia, "waulize wewe mwenyewe. Waulize madaktari huu mstari ni wa nini."